Singa za Tanga: uuze China, Marekani au Ulaya wakati wakubwa wanatupiana ushuru?

Katika vyama vya msingi vya wakulima wa mkonge, kuanzia Hale mpaka Magoma, na katika maghala ya Tanga mjini, swali siku hizi ni moja: tuegemee wapi? China inachukua sehemu kubwa ya singa zetu, yaani nyuzi za mkonge. Marekani kuna wateja wanaolipa vizuri kwa zulia, kapu na kamba iliyosukwa kwa mkono. Ulaya ananunua taratibu, bila kelele. Huku nyuma Washington na Beijing wamekuwa wakitupiana ushuru tangu 2018, wakipatana na kuachana, na kila wanapoachana kuna mtu wa Korogwe anayeambiwa asubiri.

Ushauri unaozunguka kuhusu jambo hili unaanzia kwenye siasa: nani ni rafiki wa kweli wa Afrika, nani atashinda. Mwenye ekari tano za mkonge hana faida na mjadala huo. Yeye anahitaji kujua risasi inayolengwa kwa mwingine inaweza kumpata kupitia njia gani, na kwa kila soko njia hiyo ni tofauti. Ndicho kipimo nilichotumia kuyalinganisha masoko haya. Bei peke yake ingenipa jibu la wiki hii tu.

Ugomvi wenyewe

Tarehe 6 Julai 2018 Marekani ilianza kutoza ushuru wa asilimia 25 kwenye bidhaa za China zenye thamani ya dola bilioni 34. China ikajibu kwa kiwango hicho hicho, soya ya wakulima wa Marekani ikiwemo. Januari 2020 wakatia saini makubaliano ya awamu ya kwanza, China ikaahidi kununua bidhaa na huduma za ziada za dola bilioni 200 ndani ya miaka miwili. Ahadi hiyo haikutimia. Aprili 2025 ushuru ulipanda mpaka Marekani ikafika asilimia 145 na China 125. Tarehe 12 Mei, baada ya mazungumzo ya Geneva, ukashushwa hadi 30 na 10. Oktoba China ikakaza masharti ya kuuza nje madini adimu, Marekani ikatishia kuongeza asilimia 100 nyingine, kisha tarehe 30 mwezi huo huo Donald Trump na Xi Jinping wakakutana Busan, Korea Kusini, wakakubaliana kusitisha ugomvi kwa mwaka mmoja.

Zitazame tarehe hizo kwa jicho la mkulima. Kutoka 145 mpaka 30 ni wiki tano hivi. Mkonge unaoupanda leo utaukata mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, pengine minne, na shamba hilo litaendelea kukatwa kwa miaka mingine mingi. Anayepanga kilimo chake kwa kufuata tangazo la ushuru atakuta tangazo limeshafutwa kabla miche haijashika ardhi.

Kuna jambo jingine linalosemwa kimakosa hata redioni, kwamba China ndiyo inayolipa ushuru wa Marekani. Anayelipa forodhani ni mwagizaji wa Kimarekani. Akishalipa ana njia tatu: apandishe bei dukani, ambane muuzaji wake wa China ashushe bei, au ahamishie oda Vietnam. Akimbana muuzaji wa China, huyo naye anambana anayemuuzia malighafi. Mbano unashuka hivyo hivyo mpaka ufike kwa mtu ambaye chini yake hakuna wa kumbana. Kwenye mkonge, mtu huyo yuko Korogwe, Muheza na Pangani.

China: soko kubwa lenye mlango wa nyuma

Sifa ya kwanza ya China ni wingi. Robota moja la singa lina kilo 250, manne ni tani, na mnunuzi wa China hana muda na marobota mawili matatu. Anataka kontena zima, akiridhika anataka jingine. Anachukua UG, daraja la chini ambalo baadhi ya wanunuzi wa Ulaya hulikunjia uso. Kwa chama cha msingi chenye wanachama wanaodai malipo yao kila mwisho wa mwezi, hilo ni jambo kubwa kuliko senti chache za ziada kwa kilo.

Pili ni ushuru. Tangu 1 Desemba 2024 China imeondoa ushuru kwa bidhaa zote kutoka nchi zenye maendeleo duni zilizo na uhusiano wa kidiplomasia nayo, na Tanzania imo. Juni 2025 ikatangaza nia ya kulifikisha hilo kwa nchi zote 53 za Afrika zenye uhusiano nayo. Eswatini, iliyobaki na Taiwan, ndiyo pekee iliyoachwa nje.

Lakini ushuru sifuri haufungui kila mlango. Kwa mazao ya chakula na matunda China inataka itifaki ya afya ya mimea kwa kila zao, zao kwa zao. Soya ya Tanzania ilipata yake 2020, parachichi 2022. Singa hazina tatizo hilo, zimezoea njia. Mwenye machungwa Muheza au viungo Amani, aulize kwanza kama zao lake lina itifaki, ndipo ahesabu faida.

Sasa udhaifu wake, na hapa naomba tukae kidogo.

Singa zetu zikifika China zinageuka vitu vingi. Nyingine zinasukwa kiini cha kamba ya chuma, ile inayobeba lifti. Nyingine zinafumwa kitambaa kigumu kinachokatwa miduara na kushonwa kuwa gurudumu la kung'arishia sufuria za chuma na bomba za maji. Nyingine zinakuwa kamba nyembamba kidogo tu kuliko kidole cha mtoto, inayozungushwa kwa gundi juu ya bomba la karatasi ngumu, chini kikawekwa kibao, juu kijumba cha manyoya bandia. Hiyo ni nguzo ya paka kunolea kucha. Wenye paka wa Marekani wanazinunua kwa wingi, na kwa miaka mingi nyingi zimetengenezwa China.

Kwa hiyo unapomuuzia China singa za nguzo ya paka, mteja wako wa mwisho ni Mmarekani. Risasi iliyolengwa kiwanda cha Guangdong inapita humo humo na kukufikia wewe. Ukiuza singa za kiini cha lifti, Marekani inakuhusu kidogo, ila sasa unategemea majengo ya China yenyewe, na sekta hiyo imeyumba tangu kampuni ya Evergrande iliposhindwa kulipa madeni yake 2021. Matumizi yote yana hatari, lakini hatari zake hazifanani, na huwezi kujua uko kwenye ipi usipouliza. Tangu nilipolielewa hili nimekuwa nikimsihi kila katibu wa chama ninayekutana naye amuulize mnunuzi maswali mawili: singa zangu zinakwenda kutengeneza nini, na kitu hicho kinauzwa nchi gani? Mnunuzi wa kweli hujibu. Asiyetaka kujibu, mpe mzigo mdogo.

Aprili ile ya 2025 nilikuwa kwenye ofisi ya chama kimoja Korogwe wakati ujumbe wa mnunuzi wa kati ulipoingia kwenye simu ya katibu: subirini kidogo. Sababu haikutajwa. Nje, majani yalikuwa yameshakatwa, yamepangwa kwenye trela. Jani la mkonge likikatwa linatakiwa lipite korona, mashine ya kutoa singa kwenye jani, ndani ya siku moja au mbili, likichelewa singa zinapoteza weupe na daraja linashuka. Hakuna kusubiri hapo. Katibu, mtu mzima mwenye busara zake, aliniambia, "Mwanangu, mkonge upo, meli zipo, mtu wa kukata nimeshamlipa. Nani kafunga mlango?" Wakasaga, wakaanika, wakapiga brashi, wakafunga, wakalaza ghalani. Pesa ya wakataji ilikuwa imetoka, pesa ya mauzo haijaingia. Hiyo ndiyo sura ya vita vya ushuru huku kwetu: mzigo mzuri uliolala, na mkopo wa pembejeo unaoendelea kuzaa riba.

Malipo nayo yana mtego wake. Utaratibu uliozoeleka ni asilimia 30 ya malipo ya awali na 70 baada ya nakala za hati za meli kutumwa. Soko likishuka mzigo ukiwa baharini, ndipo simu ya kuomba punguzo inapopigwa, na muuzaji mwenye kontena lililokwisha ondoka hana nguvu ya kukataa. Dawa yake inajulikana na mawakala wote wa forodha wa Tanga: hati halisi ya shehena isitoke mkononi mwako wala mwa benki yako kabla asilimia 70 haijaingia.

Kuna upande mwingine wa China ambao watu wanausahau. Kiwanda kilichofungiwa mlango wa Marekani hakifungi mashine zake, kinatafuta mlango mwingine, na mauzo ya China kwa Afrika yalipanda sana 2025. Kwa mwenye kutafuta korona ndogo ya kuhamishika au mashine ya kusuka kamba, huu ni wakati wa kupata bei, ili mradi akubaliane mapema kuhusu vipuri. Kwa anayesuka kamba ya mkonge na kuiuza Ngamiani, hali ni kinyume: kamba ya plastiki kutoka huko huko inamkuta dukani ikiwa rahisi kuliko jana. Plastiki ndiyo iliyoua mkonge wa Tanga mara ya kwanza, na sioni kwa nini tuipuuze safari hii.

Marekani: bei nzuri, mlango usiotulia

AGOA, sheria ya Marekani ya biashara na Afrika, ilitiwa saini na Rais Bill Clinton mwaka 2000. Kwa robo karne iliziruhusu nchi nyingi za Afrika kuingiza maelfu ya bidhaa bila ushuru. Tarehe 30 Septemba 2025 muda wake ulifika mwisho bila Bunge la Marekani kuwa limeuongeza; ikafufuliwa Februari 2026, lakini mpaka mwisho wa mwaka huo tu. Hata kabla ya hapo, kila mwaka rais wa Marekani ndiye aliyeamua nchi ipi inastahili na ipi iondolewe.

Sisi Afrika Mashariki tulionja hilo kupitia mitumba. Jumuiya ilipopanga kuondoa nguo za mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya ndani vipate nafasi, wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika serikalini kwao, nasi tukaambiwa tuchague kati ya mpango ule na AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ikashikilia msimamo, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na AGOA ilikuwa cha ndugu tangu siku ya kwanza.

Aprili 2025 Tanzania iliwekewa ushuru wa msingi wa asilimia 10, pamoja na sehemu kubwa ya dunia. Lesotho, iliyokuwa imejenga viwanda vya nguo kwa ajili ya soko hilo, ilitangaziwa 50, baadaye ikashushwa mpaka 15. Wafanyakazi wa viwanda vile hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Mahakama za Marekani zenyewe ziliubishania uhalali wa ushuru huu, mpaka Mahakama ya Juu ikaubatilisha Februari 2026, kwa hiyo kiwango chochote nitakachokuandikia hapa kithibitishwe tena siku ya kusaini.

Lipo la kusema upande wa pili, na si dogo. Kama China inatozwa zaidi yako, zulia lako la mkonge linapata nafasi ambayo halikuwa nayo. Brazil, inayoongoza duniani kwa mkonge na inayouza Marekani kamba za kufungia nyasi za mifugo, ilipandishiwa ushuru mpaka asilimia 50 kwa bidhaa nyingi Agosti 2025. Kuna watu Tanga waliosikia habari hiyo wakaanza kuzungumzia kiwanda cha kamba. Kiwanda nakitaka, nimekitaka miaka yote. Sikitaki kijengwe kwa sababu hiyo. Ushuru ule wa Brazil uliwekwa kwa ugomvi wa kisiasa kati ya viongozi wawili, na ushuru wa namna hiyo unaweza kuondoka kwa simu moja. Mashine haitakuwa imefika hata bandarini.

Waliopigwa vibaya zaidi na Marekani ni ambao hawakutajwa kwenye hotuba yoyote. Kina mama wanaosuka vikapu vya mkonge na ukili, wanaouza kapu moja moja kwa wateja wa mtandaoni, walikuwa wakitegemea kanuni iliyoruhusu kifurushi cha chini ya dola 800 kuingia Marekani bila ushuru. Kanuni hiyo ilifutwa kwa China tarehe 2 Mei 2025, ikilengwa mafuriko ya vifurushi vya Shein na Temu. Tarehe 29 Agosti ikafutwa kwa dunia nzima. Mashirika ya posta ya nchi nyingi yakasimamisha kwa muda kupokea vifurushi vya kwenda huko, maana hayakujua ushuru utakusanywaje. Kapu la dola 40 likajikuta ndani ya sheria iliyotungwa kwa ajili ya makampuni makubwa ya Kichina. Mnunuzi wa Ohio hataki kudaiwa ushuru mlangoni, analirudisha, na gharama ya kulirudisha ni kubwa kuliko kapu lenyewe.

Ulaya: polepole na karatasi nyingi

Umoja wa Ulaya unaruhusu kila kitu isipokuwa silaha kuingia bila ushuru kutoka nchi zenye maendeleo duni, tangu 2001. Tanzania ilikataa kusaini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Ulaya mwaka 2016, na bado bidhaa zake zinaingia bure kwa mlango huu. Kenya, ambayo haimo kwenye kundi hilo, ililazimika kusaini wake. Mlango huu haupimwi upya kila mwaka kwa matakwa ya rais mmoja. Kwangu hiyo ni tofauti kubwa kati ya Ulaya na Marekani, na naiweka mbele ya bei.

Hispania imekuwa mnunuzi wa singa zetu kwa muda mrefu. Ujerumani kuna matumizi ambayo wengi hatuyajui: nyuzi za asili, mkonge ukiwemo, hushindiliwa pamoja na gundi kuwa paneli za ndani za milango ya magari. Hapo nako risasi inaweza kupita. Aprili 2025 Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25 kwenye magari yanayotoka nje, kabla ya kukubaliana na Ulaya Julai kuwa asilimia 15. Gari likiuzwa kidogo Marekani, paneli zinahitajika chache. Ila njia ni ndefu zaidi kuliko ya nguzo ya paka, na mbano unapofika Tanga umeshapungua.

Kero za Ulaya ni nyingine. Kiasi ni kidogo. Wanataka kujua singa zimetoka shamba lipi, nani amezifunga, zimefukizwa kwa dawa gani, na wanakagua urefu kwa rula. Daraja la 3L waliloagiza wakilikuta limechanganywa na UG, barua inakuja na picha. Safari nayo imerefuka tangu mwishoni mwa 2023, meli nyingi zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi ya Wahouthi na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, siku kumi hadi kumi na nne za ziada kutegemea njia. Kwa chama kinachoishi kwa malipo ya mwezi, siku hizo zinauma. Kwa msuka mazulia mwenye mteja mmoja wa uhakika, zinavumilika.

Wauza vikapu wasidhani Ulaya itabaki vilevile kwa vifurushi. Msamaha wa vifurushi vya chini ya yuro 150 nao umeamuliwa uondoke, kwa sababu ile ile ya vifurushi vya China.

Wasiozungumzwa

Saudi Arabia na Nigeria zinanunua singa kwa ajili ya jasi. Singa huchanganywa na jasi mbichi ili dari na urembo wa ukutani usipasuke. Hawa hawapigani na mtu kwa ushuru, hitaji lao linafuata ujenzi wa nyumbani kwao, na singa fupi wanazikubali. Nashangaa jinsi mazungumzo yetu yanavyowaruka. Chama kinachotaka kupumua kutoka kwenye vurugu za China na Marekani kianzie hapa.

Je, ugomvi wa wakubwa hautunufaishi?

Wazee wa Tanga watakuambia unanufaisha, nao wana ushahidi. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche elfu moja kutoka Florida kupitia Hamburg, ikapona 62 tu na kupandwa karibu na Pangani. Lakini utajiri mkubwa ulikuja na vita. Japani ilipoiteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia katika Vita vya Pili vya Dunia, washirika walikosa katani ya kamba za meli, wakaigeukia Tanganyika. Vita vya Korea vilipoanza 1950 mataifa yakakimbilia kuweka akiba na bei ikaruka mwaka 1951. Mashamba yakapanuka, reli ikajaa, Tanga ikang'ara.

Sehemu ya pili ya hadithi haisimuliwi kwa sauti ile ile. Ndani ya miaka miwili baada ya kilele cha 1951 bei iliporomoka. Uzalishaji uliendelea kukua mpaka ukapita tani 230,000 mwaka 1964, kwa kuwa mkonge ukishapandwa huwezi kuurudisha nyuma, na hapo ndipo kamba ya plastiki ikaingia na kumkuta mkulima amejifunga. Mashamba mengi yakageuka vichaka. Ukipita barabara ya kwenda Segera utaona miti ya mkonge iliyochanua milingoti bila mtu wa kuikata kwa miaka.

Bandari mpya isituchanganye pia. Gati la mita 450 lenye kina cha mita 13 lilijengwa na kampuni ya Kichina kwa fedha za Tanzania, na meli ambazo zamani zilitia nanga mbali na kuhudumiwa na matishari sasa zinafunga gatini. Hiyo ni faida kwa kila anayesafirisha, popote anapouza. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaloishia Chongoleani lina TotalEnergies ya Ufaransa yenye asilimia 62 na CNOOC ya China yenye 8, wamekaa meza moja. Wakubwa wenyewe hawachagui upande kama sisi tunavyoambiana tuchague. Na Bagamoyo, ambako makubaliano ya bandari na kampuni ya China Merchants na Oman yalianza 2013, masharti yakakataliwa na Rais Magufuli 2019 na mazungumzo yakafunguliwa tena na Rais Samia 2021, inatosha kutukumbusha kwamba mkataba hutazamwa mstari kwa mstari, awe nani aliyeuleta.

Ningechagua nini

Chama cha msingi chenye singa ghafi: China ibaki mteja mkuu, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kumeza tani zenu zote. Lakini isizidi nusu au kidogo juu ya nusu. Kinachobaki kigawanywe kati ya Hispania na soko la jasi, hata kama bei ni chini kidogo mwaka huu. Na katika hiyo nusu ya China, tafuteni angalau mnunuzi mmoja ambaye bidhaa yake inatumika China kwenyewe. Anayeniambia mshika mbili moja humponyoka, namjibu kwamba chama chenye mnunuzi mmoja kilishaponyokwa Aprili 2025.

Karakana yenye mazulia, mikeka na kamba nzuri: Ulaya kwanza. Uboreshaji utakaoufanya kwa ajili ya mnunuzi wa Ulaya utakufaa kwa yeyote atakayefuata. Marekani ichukue pale tu mnunuzi anapokubali kuwa mwagizaji mwenye kuwajibika forodhani, bei ikiwa ya mzigo ulipopakiwa melini Tanga. Mkataba useme waziwazi kwamba ushuru ukipanda baada ya kusaini ni juu yake. Wapo wanunuzi wa Marekani wanaokubali, hasa walioumizwa na oda za China na wanaotafuta pa kupata bidhaa. Anayetaka umfikishie mzigo mlangoni kwake ushuru ukiwa umelipwa, muepuke kabisa kwa sasa.

Kina mama wa vikapu: uuzaji wa kapu moja moja kwenda Marekani uachwe mpaka mambo yatulie. Ungeni nguvu vikundi viwili vitatu, mpeleke mzigo mmoja kwa mwenye duka mmoja, aulipie ushuru yeye kwa bei ya jumla. Faida kwa kapu itapungua, lakini hakuna kapu litakalorudi. Hoteli za Zanzibar na maduka ya watalii Arusha yanalipa shilingi, papo kwa papo, na hayahitaji cheti cha asili.

Mwenye mtaji wa kununua mashine: korona ya Kichina inunuliwe, vipuri vya mwaka wa kwanza viingie kwenye kontena lile lile. Kiwanda cha kamba kisubiri mpaka kiwe na wanunuzi wa nchi tatu waliosaini, mmoja wao akiwa wa Afrika. Jani la mkonge linatoa singa kama asilimia 4 tu ya uzito wake na kinachobaki kinatupwa, kwa hiyo kabla ya kufikiria Marekani kuna pesa iliyolala kwenye mabaki nyuma ya korona: gesi ya kupikia, chakula cha mifugo, mbolea. Mnunuzi wake yuko Muheza, na hakuna forodha kati yenu.